Ajali ya 1935 iliyozaa orodha inayookoa maisha

KABLA ya ndege ya abiria kupaa, marubani husomeana orodha ya mambo ya kukaguliwa, moja baada ya jingine, hata wawe wameirusha ndege hiyo mara elfu. Desturi hiyo ilipata nguvu kutokana na ajali iliyotokea Oktoba 30, 1935 katika uwanja wa kijeshi wa Wright Field, jimbo la Ohio, Marekani.

Siku hiyo jeshi lilikuwa likijaribu ndege mpya ya kudondosha mabomu, Model 299 ya kampuni ya Boeing. Ilikuwa na injini nne, ilhali wapinzani wake walikuwa na mbili. Mnamo Agosti ilikuwa imesafiri kutoka Seattle hadi Ohio, zaidi ya kilomita 3,000, kwa saa tisa hivi bila kutua.

Aliyekuwa usukanini, Meja Ployer Hill, hakuwa mwanagenzi bali rubani wa majaribio mwenye tajriba. Pamoja naye alikuwemo Leslie Tower wa Boeing, ambaye ndiye aliyeirusha ndege hiyo kwa mara ya kwanza. Ilipopaa, iliinua pua kupita kiasi, ikaishiwa na mwendo, ikaanguka na kuteketea. Hill alifariki siku hiyo, naye Tower akafa wiki tatu hivi baadaye. Watatu walinusurika.

Uchunguzi ulibaini kwamba injini hazikuwa na hitilafu. Vibao vya mkia vinavyoinua na kushusha pua vilikuwa bado vimefungwa kwa kifungio cha kuvikinga dhidi ya upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Hakuna aliyekumbuka kukifungua.

Boeing ilipoteza kandarasi hiyo kwa Douglas. Hata hivyo, jeshi liliagiza ndege 13 zaidi za majaribio, na marubani wakaandaliwa orodha fupi za ukaguzi, kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa na mambo mengi mno ya kuachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Ndege hiyo ndiyo B-17, na zaidi ya 12,000 ziliundwa.

Funzo hilo lilivuka mipaka ya anga. Mnamo 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua orodha kama hiyo kwa vyumba vya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.