Magonjwa ya Samaki wa Kufuga: Pima Maji Kabla ya Kutia Dawa

Wenzangu wengi wakisikia kwamba nina samaki mgonjwa nyumbani hucheka, na huniuliza kama mafuta ya kukaangia yapo. Siwalaumu, kwa kuwa kwetu samaki ni kitoweo. Lakini samaki niwafugao mimi si wa chunguni. Ni samaki wa dhahabu, ambao Wachina walianza kuwafuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kwa ajili ya uzuri wao, na ambao leo huuzwa hata katika miji yetu. Baba alininunulia wanane wadogo, pamoja na tangi la kioo, nilipochaguliwa kuingia sekondari. Kabla ya majuma mawili kwisha, sita walikuwa wamekufa. Nimeona ni vema nieleze sababu yake katika gazeti letu, maana aliyewaua ni mimi mwenyewe, na niliwaua huku nikidhani ninawatibu.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ya kumi niliwaona samaki wamepanda juu, wanatweta kwa midomo wazi, na mapezi wameyabana. Nikasema moyoni, "Hawa wameshikwa na homa." Basi nikatwaa vidonge vya kuua bakteria vilivyobaki kabatini tangu kaka alipougua kidonda, nikavipasua, nikamwaga unga wake tangini. Kesho yake wakafa wawili. Nikaongeza dawa. Wakafa wanne. Ndipo nilipomwendea mwalimu wetu wa bayolojia. Nilidhani ataniuliza habari za samaki, lakini aliniuliza mambo matatu tu: tangi lina siku ngapi tangu litiwe maji, lina lita ngapi, na nawalisha mara ngapi kwa siku.

Nilimjibu kwamba tangi ni jipya, na kwamba nawalisha kila nionapo wana njaa, yaani karibu mara sita. Lita sikuzijua. Akanifanya nizipate kwa hesabu: urefu sentimita 60, upana 30, na kimo cha maji 25. Zidisha, utapata sentimita za ujazo 45,000, nazo ni lita 45. Akasema, "Umewafungia samaki wanane katika chumba kisicho na choo."

Maneno hayo yanahitaji kuelezwa. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kwa njia ya amonia, na sehemu kubwa hupitia katika matamvua, ndiyo mashavu anayovutia pumzi. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu, huyachoma matamvua hata samaki asiweze kuvuta pumzi ijapokuwa hewa imo majini. Mtoni au ziwani maji ni mengi, kwa hiyo sumu hiyo hupungua nguvu. Katika tangi kazi hiyo hufanywa na bakteria wema wanaoishi katika mchanga na katika sifongo ya kuchujia maji. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Lakini bakteria hawa hawazaliani kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji kama majuma manne hadi sita kabla ya kuwa nao wa kutosha. Mimi nilitia samaki wanane siku ya kwanza, nikawashibisha kupita kiasi, kisha nikamwaga dawa ambayo haiondoi amonia hata kidogo, na ambayo yaweza kuwaua hata bakteria wale wema niliowahitaji.

Tangu siku ile nafuata utaratibu huu, na nawashauri wenye samaki waufuate.

Kwanza, pima maji. Maduka ya samaki huuza vifaa vidogo vya kupimia amonia na nitriti. Katika tangi zuri vyote viwili havionekani. Kama huna vifaa, badili theluthi moja ya maji mara moja, kisha watazame samaki. Wakipata nafuu, basi umekwisha kujua penye ubaya. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwanza katika ndoo wazi kwa siku nzima. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Lita moja ya maji yenye digrii 20 za Selsiasi huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni, lakini yakifika digrii 30 hushika kama 7 na nusu tu. Kwa hiyo tangi lisikae juani, na pampu ya hewa isizimwe usiku.

Pili, mtazame samaki kabla ya kumgusa. Samaki huficha ugonjwa wake, kwa kuwa porini aliye dhaifu ndiye aliwaye kwanza. Wakitweta juu ya maji wote kwa pamoja, shaka ya kwanza iwe maji yenyewe. Akijikuna mawe na mchanga, huenda ana vimelea. Mapezi yakichanika na kuoza pembeni, mara nyingi ni bakteria waliopata nafasi kwa sababu ya maji machafu. Nyuzi kama pamba juu ya kidonda mara nyingi ni ukungu. Magamba yakisimama na tumbo likivimba, maji yamejaa mwilini kwa sababu viungo vya ndani, kama figo, vimeshindwa kazi. Huyo ni nadra kupona.

Tatu, ukiisha kujua, ndipo utie dawa, tena dawa moja, na kwa kipimo.

Nitatoa mfano mmoja. Muhula uliofuata nilinunua samaki mmoja, nikamtia tangini pamoja na wawili waliosalia. Baada ya siku nne wote watatu walikuwa na vidoa vyeupe mwilini, kama walionyunyiziwa chumvi. Safari hii sikukimbilia kabati. Nilipima maji, yakawa mazuri. Mwalimu alinionyesha namna ya kukwangua ute kidogo sana ubavuni mwa samaki kwa ukingo wa kigae cha kioo, nikauweka chini ya hadubini ya maabara yetu. Nilimwona mdudu wa duara, mwenye vinyweleo pande zote, anazunguka polepole, na ndani yake kiini kilichopinda kama kiatu cha farasi. Kiini hicho ndicho alama yake. Jina lake la kisayansi ni Ichthyophthirius multifiliis, na umbo lake lote ni seli moja tu.

Ni lazima kuyajua maisha yake ili kumshinda. Akiwa doa jeupe yumo ndani ya ngozi ya samaki, na hapo dawa ya majini haimfikii. Akishiba hutoka, huanguka chini, hujifunika gamba, na hujigawa hata kuwa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Ni wakati huo tu wa kuogelea ndipo dawa huwaua. Katika maji yenye joto kama ya kwetu mzunguko wote huisha chini ya juma moja. Ndiyo sababu mtu akitia dawa siku moja, akaona vidoa vimetoka, akaacha, huona vidoa vingi zaidi baada ya siku chache.

Nilitumia chumvi ya kawaida, gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 90 kwa lita zangu 45. Niliipima kwa mizani, nikaiyeyusha kwanza, nikaitia kidogo kidogo kwa muda wa siku nzima. Kila siku nilifyonza uchafu wa chini pamoja na theluthi ya maji, kwa kuwa huko ndiko watoto wa kimelea huzaliwa. Lita 15 nilizotoa nilizirudishia gramu 30 za chumvi, wala si 90, maana chumvi iliyobaki tangini haipotei. Vidoa vilitoweka siku ya saba, lakini niliendelea hata siku ya 14. Samaki wote watatu wako hai mpaka leo.

Mgeni yule ndiye aliyeleta ugonjwa. Ningalimweka peke yake katika ndoo yenye hewa kwa majuma matatu au manne, nisingalipata taabu hiyo. Tena, maji ya samaki mgonjwa yasimwagwe mtoni wala bwawani, ili vimelea visiwafikie samaki wa huko.

Wazazi na walimu wangu, siandiki haya kwa ajili ya samaki peke yao. Vidonge nilivyovimwaga tangini vilikuwa vimebaki kwa sababu kaka aliona nafuu, akaacha dozi katikati. Mimi nami nikavitumia bila kujua ugonjwa. Kila mara dawa za kuua bakteria zitumiwapo ovyo, bakteria wanaostahimili hubaki na kuzaliana, na mwisho wake dawa hiyo haitamfaa mtu siku atakapoihitaji kweli. Nilipomweleza mama haya, tulilifungua kabati lile pamoja, tukatoa vidonge vyote vilivyobaki, tukavipeleka kwa mfamasia. Kabati sasa lina mizani ndogo, chumvi, na daftari ninaloandika hali ya maji kila Jumamosi.