Daftari la Muhasaba

Muhasaba ni mja kuihesabu nafsi yake kabla ya Siku ya Hesabu. Al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, alipata jina lake kutokana na neno hilo.

Kwa wanawake wa Kisomali, ambao ndio wengi Garissa nchini Kenya, ulimi ulitangulia kalamu: katika sitaad, yaani nyimbo zao za dini, huketi pamoja wakiwasifu Mtume, Bi Hawa na Bi Fatuma. Alfabeti rasmi ya Kisomali ilipatikana Somalia mwaka 1972 tu.

Daftari ambamo mwanamke sasa huandika muhasaba wake ni la faragha. Baada ya Isha, watoto wamelala, mwandishi huandika sala iliyompita, neno kali alilomwambia jirani, na neema moja ya siku. Dhambi hudokezwa tu, kwani Uislamu huhimiza kujisitiri.