Mnunuzi Huyu Katoka Wapi?

Ndugu Wanachama,

Karafuu kavu ina njia yake ya kuuzwa, nayo sote twaijua. Lakini wengi wetu, mabwana kwa mabibi, hutengeneza pia vitu vingine vya shamba: vifuko vya hiliki, mdalasini na pilipili manga, na sabuni za viungo. Vitu hivi hapana budi kuvitangaza. Wahenga walisema kizuri chajiuza; lakini hata kizuri hakijiuzi kwa mtu asiyejua kuwa kipo.

Kutangaza ni fedha. Wanachama wametuuliza: je, tuendelee kulipia tangazo la redio, au fedha hizo tuzitie katika mabango ya bandarini? Huyu asema hivi, mwenziwe asema vile, na kila mmoja ana hakika. Sisi twaona swali hili halimalizwi kwa kubishana barazani. Wenye jawabu ni wanunuzi, ikiwa tutawauliza na kuandika.

Jambo hili si geni. Huko Marekani wafanya biashara waliouza vitu kwa posta walikuwa na desturi ya kutia alama katika kila tangazo. Gazeti moja lilimwambia msomaji apeleke barua yake kwa "Idara ya 1", na gazeti jingine kwa "Idara ya 2". Idara hizo pengine hazikuwako kabisa. Zilikuwa alama tu, ili barua ikifika ijulikane imeletwa na gazeti gani. Bwana Claude Hopkins, mtangazaji mashuhuri aliyefanya kazi mjini Chicago, aliieleza kazi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1923. Kwake yeye tangazo ni muuzaji kama muuzaji mwingine: hupimwa kwa alichouza na kwa gharama yake, wala si kwa uzuri wa maneno yake.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo, bila ya mashine wala mtaalamu.

Kwanza, kila tangazo liwe na neno lake. Redioni tuseme, "Ukipiga simu, taja neno Kinu." Katika bango tuandike, "Taja neno Pishi." Atakayelitaja apewe kizawadi kidogo, ili asilisahau.

Pili, asiyetaja neno aulizwe, "Umepata wapi habari zetu?" Asiulizwe, "Umetusikia redioni?" Watu wetu wana adabu, wengi wataitikia "Ndiyo" ili kukuridhisha tu. Akisema ameambiwa na jirani, muulize kama ajua jirani huyo alipata wapi habari.

Tatu, liwepo daftari: tarehe, neno alilotaja, ameuliza tu au amenunua, amelipa kiasi gani, na kama ni mara yake ya kwanza. Liandikwe pale pale, si usiku kwa kukumbuka.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme tangazo la redio limegharimu shilingi 90,000, likaleta waulizaji 30, na katika hao wakanunua 6. Bango limegharimu shilingi 60,000, likaleta waulizaji 12, wakanunua 10. Ukitazama waulizaji, redio imeshinda. Lakini kila mnunuzi wa redio amegharimu shilingi 15,000, na wa bango shilingi 6,000. Ikiwa faida kwa mnunuzi mmoja ni shilingi 8,000 kabla ya kutoa gharama ya tangazo, basi bango limelipa na redio imekula mtaji.

Hata hivyo tusifanye haraka. Pengine mmoja katika wale 6 wa redio ni mwenye duka, naye ataagiza kila mwezi. Huyo peke yake aweza kuigeuza hesabu yote. Ndiyo maana twataka iandikwe kama mnunuzi amerudi. Tena matangazo mawili yapimwe katika majuma yale yale. Ukipima moja kabla ya Ramadhani, wakati viungo hutafutwa na kila jiko, na la pili baada ya Sikukuu, umepima majira, hukupima tangazo.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wenye kutangaza waanze daftari tarehe mosi ya mwezi ujao, waliandike kwa muda wa miezi mitatu, kisha walilete kwa Katibu. Asiyejua kuandika amtumie mtoto wa skuli. Tutazijumlisha hesabu hizo, na mbele ya mkutano zitasomwa kabla mtu hajanyosha mkono kupiga kura. Fedha za matangazo ni jasho la wachumaji na waanikaji. Haifai kuzitoa kwa kukisia.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasalaam,
Katibu wa Chama