Kingo za Barabara Zikarabatiwe Kabla ya Mvua

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi Novemba. Ukingo wa zege uliovunjika huyapa maji njia ya kupenya chini ya lami na kuila barabara kutoka pembeni. Hivyo kiangazi ndicho wakati wa kuukarabati.

Kwanza, zege lililolegea hubanduliwa hadi kufikia sehemu ngumu, vumbi huondolewa, kisha sehemu hiyo hulowanishwa. Saruji ikipakwa juu ya vumbi haishiki. Zege jipya likishamwagwa, hufunikwa kwa magunia na kumwagiliwa maji kwa siku 7, kwani likikauka haraka juani hupasuka.

Mkazi wa Gongoni aonapo ukingo uliovunjika, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Mtaa wake ili TARURA ijulishwe mapema.