Stelingi wa kike hajafika Meru

Mtu akipita katika masoko ya Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua alasiri ya siku ya soko, hakosi kusikia sauti ya mfasiri wa sinema ikivuma kutoka kibanda cha video. Mtindo huo ulipata umaarufu nchini kupitia kwa DJ Afro na wenzake. Filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina huonyeshwa, na juu ya mazungumzo yake akawekwa Mkenya mmoja anayesimulia yote kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Wasomi wengi wanaudharau mtindo huu. Mimi siudharau hata kidogo, kwani wafasiri hawa ndio waliolieneza neno "stelingi" miongoni mwa vijana wetu, na ndio wanaoamua ni nani anayestahili kuitwa hivyo.

Kisarufi, stelingi hana jinsia. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika viambishi vyake. Ukisema "alimpiga akaanguka" hujafichua ni mwanamume au mwanamke aliyempiga mwenzake. Kwa hiyo lugha yetu ilikuwa tayari kumpokea stelingi wa kike miaka mingi kabla ya Hollywood kumleta. (Majirani zetu Wakikuyu wana kazi ngumu zaidi, maana neno lao la shujaa, njamba, ndilo hilo hilo la jogoo.) Lakini sarufi ni jambo moja na matumizi ni jambo jingine. Nimewasikiliza wafasiri hawa kwa makini. Mwanamume akiingia na bunduki huitwa stelingi tangu dakika ya kwanza. Mwanamke akiingia na bunduki ile ile huitwa "mrembo" au "manzi", na hupandishwa cheo baada ya kuua watu wapatao kumi hivi.

Hata hivyo amepandishwa, na hayo ni mabadiliko. Tangu Black Panther ya mwaka 2018, pamoja na wale walinzi wake wa kike wenye mikuki, na hasa tangu The Woman King ya mwaka 2022 iliyowahusu Agojie, wanajeshi wa kike wa ufalme wa Dahomey katika nchi ya Benin ya leo, vijana wa kiume hawaoni haya tena kumshangilia mwanamke. Nami nilishangilia. Lakini mtazamaji aliyesoma historia hawezi kusahau kwamba Dahomey ilitajirika kwa kuuza watumwa, na kwamba filamu ile ilimfanya jemadari wake, Nanisca, aipinge biashara hiyo ili sisi tumpende bila wasiwasi. Yaonekana mwanamke shujaa haruhusiwi kuwa na doa. Hilo nitalirudia.

Filamu zetu wenyewe zina tabia nyingine. Katika Saikati ya Anne Mungai, iliyotoka mwaka 1992, msichana wa Kimaasai anatoroka ndoa asiyoitaka na kukimbilia Nairobi. Katika Nawi, iliyotoka mwaka 2024 na kuteuliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar, msichana wa Turkana mwenye umri wa miaka 13 anafaulu mtihani na babake anamwoza kwa mifugo. Naye pia anatoroka. Miaka 32 imepita kati ya filamu hizi, na miguu ingali silaha ya msichana wetu. Tofauti kubwa niionayo ni ya lugha. Katika Nawi kinasikika Kiturkana, na mtazamaji wa Nairobi analazimika kusoma maandishi chini ya picha kama mgeni. Tamthilia ya Country Queen ya mwaka 2022 nayo ilisikizisha Kikamba pale Akisa aliporudi kijijini kupambana na wachimba dhahabu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ndiyo niipendayo kuliko zote: Jo, mtoto wa miaka tisa aliye mgonjwa mahututi, anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanya awe.

Je, Meru na Embu? Hapa ndipo uchungu ulipo. Mhusika wa kike aliyeijulisha Meru kwa ulimwengu katika sinema ni simba. Elsa wa Born Free, filamu ya mwaka 1966, aliachiwa huru katika pori la Meru, akafa Januari 1961, na kaburi lake limo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru hadi leo. Pamoja naye alikuwapo Joy Adamson, aliyeigizwa na Virginia McKenna, mwanamke jasiri kwa kipimo chochote. Sina ugomvi nao. Nauliza tu: wasichana waliokuwa wakiishi kando ya pori hilo katika miaka hiyo hiyo walikuwa wakifanya nini?

Walikuwa wakishtakiwa. Mwezi wa Aprili 1956, wazee wa Njuri Ncheke, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, yaani wasichana, wanawake na wanaume, walifikishwa mbele ya mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kutahiriana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Jina hilo ni sentensi kamili, na kiima chake ni msichana. Ujasiri wao hauna shaka. Kitendo chao ni kile ambacho mabinti zao na wajukuu zao wamejitahidi kukikomesha, kwa sheria ya mwaka 2011 na kabla yake kwa sherehe zilizoanzishwa Tharaka mwaka 1996 na kuitwa Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno pasipo kisu. Ni mwandishi gani wa filamu atakayethubutu kumweka msichana wa Ngaitana katikati ya picha bila kumsafisha, kama alivyosafishwa Nanisca?

Iwapo hilo ni gumu mno, basi ipo hadithi nyingine, na hii haina wazee wa kale. Mwaka 2012 wasichana 11, pamoja na shirika lililokuwa likiwahifadhi mjini Meru, waliishtaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru. Walikuwa wamenajisiwa, wakapiga ripoti, na polisi hawakufanya uchunguzi wa maana, ingawa Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ilikuwapo. Tarehe 27 Mei 2013 jaji aliamua kwamba uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba, akaamuru polisi wachunguze mashtaka kama hayo upesi na kwa utaalamu. Kesi hiyo ilijulikana duniani kwa jina la wasichana 160. Hapana aliyetoroka kwenda Nairobi. Walikwenda kortini papo hapo Meru, wakashinda.

Kwa mtu wa lugha, kesi za aina hii zina jambo la kumnyima usingizi. Mtoto wa Kenya aliyenajisiwa, anapotoa ushahidi, kwa kawaida husema "alinifanyia tabia mbaya". Tumemlea hivyo. Katika lugha zetu za mlima, kama katika Kiswahili cha heshima, jina halisi la kitendo hicho halitamkwi na mtoto mbele ya watu wazima. Mawakili wa washtakiwa wamejaribu mara nyingi kuutumia utata huo, wakidai kwamba "tabia mbaya" yaweza kuwa hata matusi, na mahakama zimelazimika kueleza kwamba maneno hayo yanafahamika vyema katika jamii zetu. Maneno mawili ya adabu, na juu yake kifungo cha maisha, kwa kuwa ndiyo adhabu ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake.

Filamu ya namna hiyo ingetaka msichana anayesema Kiimenti au Kitharaka nyumbani, Kiswahili kwa polisi, na Kiingereza kupitia kwa mkalimani wa korti. Ingetaka mwigizaji wa Mikinduri au Siakago, si binti wa Nairobi aliyefundishwa lafudhi kwa wiki mbili. Na itakapofika katika kibanda cha Nkubu, mfasiri wetu atakuwa na dakika moja ya kazi ngumu kuliko mapigano yote aliyopata kuyasimulia: pale mtoto anapoulizwa alifanyiwa nini, korti imenyamaza, naye hana budi kuchagua neno.