Somo la Kemia: Jiwe Linapogeuka Chokaa

Leo tutajifunza maneno manne ya elimu ya kemia: elementi, kampaundi, mmenyuko na mchanganyiko. Usiyaogope kwa ugeni wake. Mambo yenyewe huyaona kila mtu wa pwani apitaye karibu na tanuu la chokaa.

Shika jiwe la matumbawe mkononi. Laonekana kuwa kitu kimoja, lakini kwa sehemu kubwa limefanywa kwa vitu vitatu: kalsiamu, kaboni na oksijeni. Kila kimoja katika hivyo huitwa elementi, yaani kitu ambacho kemia haiwezi kukigawa kikawa vitu vingine vilivyo sahili zaidi. Elementi zikiungana kwa kiasi maalumu, kile kinachopatikana huitwa kampaundi. Nayo kampaundi haifanani na elementi zilizoifanya. Kalsiamu peke yake ni madini ya rangi ya fedha. Kaboni ndiyo iliyojaa katika makaa. Oksijeni imo katika hewa tunayovuta. Zikiungana zote tatu, wapata jiwe jeupe.

Sasa tutazame tanuu. Wachomaji hupanga magogo, huweka mawe juu yake, kisha hutia moto. Joto likifika kama digrii 900, kampaundi ile huvunjika. Hewa ya ukaa hutoka ikaenda na upepo, na yabaki madonge meupe, mepesi kuliko jiwe. Hiyo ni chokaa kavu. Mabadiliko ya namna hii, ambayo kitu huacha kuwa kilivyokuwa kikawa kitu kingine, huitwa mmenyuko. Kulivunja jiwe kwa nyundo si mmenyuko, kwa sababu kila kipande ni jiwe lile lile.

Je, kuna kilichopotea? Hapana. Jiwe safi la kilo 100 hutoa chokaa kavu kilo 56 na hewa ya ukaa kilo 44. Jumlisha, utapata 100 zile zile.

Mmenyuko wa pili hutokea chokaa kavu inapokutana na maji. Kilo 56 za chokaa huungana na kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za chokaa ya kujengea. Lakini katika kuungana huko hutoka joto jingi, ingawa hapana moto, hata maji huchemka na kuruka. Hapa, ndugu yangu, nakuomba unisikilize sana. Nilimjua fundi mmoja aliyemwaga ndoo nzima ya maji juu ya lundo la chokaa kavu, naye ameinama. Jicho lake la kulia halikupona.

Basi fanya hivi. Tanguliza maji, kisha utie chokaa kidogo kidogo. Vaa miwani ya kazi na glavu, na watoto wakae mbali. Chokaa ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, endelea kwa nusu saa, kisha nenda hospitali bila kukawia.

Fundi huichanganya chokaa yake na mchanga. Huu ni mchanganyiko tu: mchanga wabaki mchanga, na kiasi chake waweza kukizidisha au kukipunguza. Ukutani ndipo mmenyuko wa tatu huanza. Chokaa huvuta hewa ya ukaa polepole kutoka angani, hutoa maji, na hugeuka tena kampaundi ile ile ya jiwe. Ndiyo maana kuta za matumbawe za msikiti mkuu wa kale wa Kilwa Kisiwani zimesimama mamia ya miaka. Kilichotoka katika tanuu kimerudi ukutani.

Kabla hatujaagana, jipime kwa maswali haya:

1. Chumvi ikikorogwa majini, je, ni kampaundi mpya au ni mchanganyiko?
2. Karatasi ikichanwa, na karatasi ikichomwa: mmenyuko uko wapi?
3. Kwa nini chokaa kavu ni nyepesi kuliko jiwe lililochomwa?

Andika majibu katika daftari lako, kisha mweleze mwenzako ambaye hakusikia somo hili. Hasa mweleze habari ya maji na chokaa. Kwaherini.