Boydaş: kudai kijiji bila hati ya shamba



Tunapotembelea kambi, swali moja halikosi: "Mtu asiye na hati ya shamba anaweza kudai nini?" Tunawaletea historia ya wilaya ya Hozat, katika milima ya mashariki ya Uturuki, kwa sababu watu wa huko waliulizwa swali hilo hilo.

Hozat iko katika mkoa wa Tunceli, ambao zamani uliitwa Dersim. Wenyeji wengi ni Waalevi, wanaosema Kizazaki na Kikurdi, nao wamezoea kuishi kwa mifugo. Mwaka 1937 na 1938 jeshi lilishambulia Dersim. Maelfu waliuawa, na wengine wakahamishwa kwa nguvu hadi magharibi ya nchi. Waziri mkuu Recep Tayyip Erdoğan aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2011, wakati wengi wa walioponea walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 1984 vita vilianza kati ya jeshi na waasi wa PKK. Mwezi wa Oktoba 1994 watu wa Boydaş, kijiji cha Hozat, wakahama. Wao walisema wanajeshi waliwafukuza. Serikali ilisema waliwakimbia waasi. Walipoomba kurudi walikataliwa, ikisemwa hakuna usalama. Basi watu 15 wakashtaki kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Serikali ilijitetea kwamba hawakuonyesha hati. Tarehe 29 Juni 2004 mahakama ilitoa hukumu. Haikuamua nani aliwafukuza. Iliangalia kwamba walizuiwa kurudi karibu miaka tisa. Ikaona pia kwamba walijenga na kulima kwenye ardhi ya baba zao, walichunga na kukata miti bila mtu kuwapinga. Hiyo nayo ni mali, ilisema. Walishinda. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, bunge la Uturuki likapitisha sheria namba 5233 ya kuwalipa fidia waliopoteza mali.

Mahakama hiyo haina mamlaka hapa Congo. Hata hivyo, tunaweza kujifunza. Andikeni leo, wakati wazee wangali hai: mipaka ya shamba, majina ya majirani, miti mliyopanda, nani alilima kabla yenu. Mkiomba kurudi, ombeni kwa barua, na mbaki na nakala yake.